Umeshindwa kuingia kwenye mashine pepe? Usikimbilie kubadilisha programu

Mwenye seva ndogo ya nyumbani kwa kawaida huanza hivi. Anasakinisha Proxmox au KVM, programu za kuendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), anaunda mashine mbili tatu, kisha anatafuta programu ya kuziingia akiwa kwenye laptopu yake. Ya kwanza inamwonyesha weusi mtupu. Ya pili inafunguka lakini mausi inajikokota. Ya tatu haina sauti. Wiki ikiisha ana programu tano zimejazana ndani ya mashine moja, zinagombea skrini ileile, na tatizo la kwanza liko palepale.

Mimi pia nilipitia huko. Siku hizi mtu akiniuliza "nitumie programu gani?" namuuliza kwanza anaona nini kwenye skrini, kwa sababu mara nyingi programu husingiziwa kosa la kitu kilicho chini yake.

Kabla ya dalili zenyewe, kuna jambo moja ambalo bila kulielewa utazunguka tu. Mashine pepe ina milango miwili. Mlango wa nje ni konsoli ya programu inayoendesha mashine pepe, mfano ile inayofunguka kwenye kivinjari ukiingia Proxmox kupitia poti 8006 (noVNC, yaani VNC, njia ya kutuma picha ya skrini, ndani ya kivinjari), au dirisha la virt-manager. Huu ni sawa na kukaa mbele ya skrini iliyochomekwa kwenye mashine: unaiona ikiwaka, unaiona ikikwama, unaiona hata kabla haijawa na mfumo wowote ndani. Mlango wa ndani ni huduma inayoendeshwa na mfumo wenyewe humo ndani: RDP, njia ya Windows ya kuingia kwa mbali, xrdp, yaani RDP hiyo kwenye Linux, au programu kama NoMachine, RustDesk na Sunshine. Huu ni mzuri kwa kazi ya kila siku, ila mfumo ukilala au mtandao wake ukikatika, mlango umefungwa.

Wengi wanaolalamika kwamba "VNC ni nzito" wamekuwa wakifanya kazi ya siku nzima kupitia mlango wa nje. Na wanaolalamika kwamba mashine "imekufa" hawajaujaribu huo mlango wa nje hata mara moja.

Haiunganiki kabisa

Soma vizuri ujumbe unaoletewa. "Imekataliwa" na "muda umeisha" ni habari mbili tofauti. Ukikataliwa papo hapo, mashine iko hai na imekujibu, ila hakuna huduma inayosikiliza kwenye poti hiyo. Ukisubiri sekunde nyingi kisha ukaambiwa muda umeisha, hakuna aliyejibu: mashine imelala, anwani si yake tena, au faiawoli inameza pakiti kimyakimya.

Kutoka kompyuta ya Linux au Mac, jaribu poti yenyewe:

nc -zv 192.168.1.50 3389

Kutoka Windows, kwenye PowerShell:

Test-NetConnection 192.168.1.50 -Port 3389

Usitegemee ping peke yake. Faiawoli ya Windows kwa kawaida haijibu ping, hivyo kimya chake hakithibitishi chochote. Poti za kukumbuka: RDP ni 3389, VNC huanzia 5900 (skrini namba 0 ni 5900, namba 1 ni 5901, na kuendelea), NoMachine ni 4000, na X2Go, programu nyingine ya kuingia Linux, hupita ndani ya SSH (njia iliyofichwa ya kuingia mashine kwa amri), yaani 22.

Sasa fungua konsoli. Nikihesabu visa nilivyokutana navyo, sababu inayoongoza ni usingizi. Mashine pepe ni kompyuta kama nyingine, na mfumo uliomo haujui kwamba uko ndani ya seva isiyopaswa kulala. Windows ina mpangilio wake wa kulala baada ya muda bila kuguswa, na baadhi ya Linux zenye GNOME (mazingira ya eneo-kazi) hujisimamisha zikiwa kwenye ukurasa wa kuingia tu, kabla mtu hajaingia. Dalili yake ni rahisi kuitambua: ukiiwasha inafanya kazi vizuri, ukirudi baada ya chakula haipo. Kwenye Windows, zima kulala katika mipangilio ya umeme. Kwenye Linux:

sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target

Sababu ya pili ni anwani ya IP iliyobadilika. Ruta huzigawa na kuzirudisha. Ingia kwenye ruta uitengee mashine anwani ya kudumu, ukitumia anwani ya MAC ya mashine pepe na si ya seva.

Ya tatu ni toleo la Windows. Windows Home haina huduma ya kupokea RDP. Inaweza kuingia kwenye mashine nyingine, ila yenyewe haiingiliki. Nimeona mtu akihangaika na faiawoli usiku kucha kwa ajili ya hili. Kama mashine yako ni Home, una njia mbili: uipandishe iwe Pro, au utumie RustDesk, NoMachine au Sunshine, ambazo huleta huduma yake zenyewe.

Ya nne ni Windows iliyosakinishwa bila draiva za VirtIO. Ukichagua kadi ya mtandao ya VirtIO, Windows haiitambui mpaka uiwekee draiva kutoka kwenye faili ya ISO ya virtio-win. Konsoli itakuonyesha Windows iliyo hai kabisa, isiyo na mtandao wowote.

Na kwa upande wa Linux, angalia huduma inasikiliza wapi:

ss -tln

Ukiona 127.0.0.1:5901 badala ya 0.0.0.0:5901, VNC inajibu walio ndani ya mashine hiyo tu. Watu wengi hukimbilia kuifungua kwa kila mtu. Iache hivyohivyo. Pitisha njia kwenye SSH:

ssh -L 5901:localhost:5901 jina@192.168.1.50

kisha programu yako ya VNC uielekeze localhost:5901. VNC ya kawaida haifichi kinachopita, na nenosiri lake la jadi linasoma herufi 8 za kwanza tu, hata ukiandika 20. SSH inakufunikia yote mawili.

Nenosiri ni sahihi, lakini linakataliwa

Hii huwapata zaidi wenye Windows iliyounganishwa na akaunti ya Microsoft. Umezoea kuingia kwa PIN, na PIN ni ya mashine hiyo tu, RDP haiitaki. Inataka nenosiri la akaunti. Kuna mtego mwingine: kama hujawahi kuingia kwenye mashine hiyo kwa nenosiri hata mara moja, haina kumbukumbu ya kulinganisha, basi inakataa lililo sahihi. Nenda kwenye konsoli, zima ule mpangilio unaoruhusu Windows Hello pekee, toka, ingia kwa nenosiri, kisha rudi kwenye RDP na uandike jina kwa mtindo wa MicrosoftAccount\ likifuatiwa na anwani yako ya barua pepe. Mimi huona rahisi zaidi kuunda akaunti ya ndani ya mashine hiyohiyo, nikaipa ruhusa ya RDP, nikaachana na fumbo lote.

Kwenye GNOME kuna kisa kinachofanana nacho. GNOME ina RDP yake tangu toleo la 42 la mwaka 2022, na nenosiri lake la RDP huwekwa kwenye pochi ya funguo ya mtumiaji. Ukiweka mashine iingie yenyewe bila kuuliza nenosiri, pochi hubaki imefungwa, na huduma haina cha kulinganishia. Jana ilikubali, leo baada ya kuwasha upya inakataa. Toleo la 46 la mwaka 2024 lilileta njia ya kuingia kwa mbali kuanzia ukurasa wa kuingia, bila kuhitaji mtu awe ameshaingia. Kama mashine yako ina toleo hilo au la juu zaidi, tumia hiyo.

Linakubaliwa, kisha weusi

Hapa ndipo jasho linapotoka, maana weusi mmoja una wazazi wengi.

Nianze na ule ulionifunza adabu. Nilikuwa na mashine ya Linux yenye xrdp. Naandika jina, naandika nenosiri, skrini inakuwa nyeusi sekunde mbili, dirisha linajifunga. Nikaondoa xrdp, nikaiweka tena. Nikabadilisha rangi kutoka biti 32 hadi 16. Nikaunda mashine mpya kabisa, ikafanya kazi vizuri, nikafurahi, nikaifungulia konsoli ya Proxmox nikaingia humo kurekebisha kitu kidogo, nikaiacha wazi. Jioni nikaingia kwa xrdp: weusi, nje. Ilinichukua siku ya pili nzima kuona kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeingia mara mbili kwa jina lilelile. xrdp haionyeshi skrini ya konsoli, inaanzisha kikao kipya kabisa. GNOME haipendi vikao viwili vya picha vya mtumiaji mmoja, kwa hiyo cha pili kinakufa kikiwa bado kinazaliwa.

Tiba ya haraka ni kutoka kwenye konsoli, si kufunga kichupo cha kivinjari, kutoka kabisa. Uhakikishe kwa:

loginctl list-sessions

Tiba inayodumu ni kufungua /etc/xrdp/startwm.sh na kuongeza mistari hii miwili kabla ya ile inayoita Xsession, ili kikao kipya kisirithi mabaki ya kingine:

unset DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS
unset XDG_RUNTIME_DIR

Bora zaidi, kwa kikao cha mbali tumia mazingira mepesi. Sakinisha XFCE, kisha:

echo startxfce4 > ~/.xsession

Bado ni nyeusi? Usikisie, soma logi. /var/log/xrdp-sesman.log inakueleza kikao kilianza au hakikuanza, na ~/.xsession-errors inakueleza kwa nini kilikufa. Mistari kumi ya mwisho inatosha mara nyingi.

Weusi wa pili unatoka Wayland, mfumo mpya wa kuchora skrini kwenye Linux. Programu za zamani kama x11vnc hunakili picha kutoka kwa X11, mfumo wa kuchora uliotangulia. Ubuntu imekuwa ikianza na Wayland tangu 21.04, na chini ya Wayland programu haiwezi kuchungulia skrini nzima bila ruhusa. Kwa hiyo x11vnc inaunganika vizuri, inakubali nenosiri, halafu inakuletea kile inachokiona, yaani hakuna kitu. Fungua terminali kwenye konsoli uulize:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Ukijibiwa wayland, achana na x11vnc. Tumia RDP ya GNOME yenyewe au ile iliyokuja na KDE Plasma 6.1. Ushauri wa kuzima Wayland kwenye mipangilio ya GDM (ukurasa wa kuingia wa GNOME) bado unazunguka kila mahali, na kwenye mifumo ya miaka iliyopita unafanya kazi, lakini siujengei kitu kipya juu yake. Ubuntu 25.10 imeshaondoa kikao cha GNOME cha Xorg, yaani cha X11.

Weusi wa tatu ni wa kadi ya picha. Umekabidhi GPU halisi kwa mashine pepe, na Windows sasa inachora kwenye GPU hiyo, si kwenye ile ya kuigiza ambayo konsoli huitazama. Konsoli ikiwa nyeusi katika hali hii hakuna kilichoharibika. Tatizo linakuja upande wa Sunshine: GPU isiyo na skrini iliyochomekwa haina picha ya kunakiliwa. Unahitaji kiplagi bandia cha HDMI kinachojifanya skrini, au draiva ya skrini pepe ndani ya Windows.

Kuna na weusi wa nne, mdogo wa wote lakini msumbufu. Uliingia kwa RDP asubuhi, ukajitoa. Jioni unaingia kwa Moonlight, programu ya kuingilia Sunshine, unakuta ukurasa uliofungwa au kiza. RDP ikiingia kwenye Windows hufunga skrini ya konsoli, na ukijitoa inabaki imefungwa. Kabla ya kuondoka, fungua Command Prompt yenye mamlaka ya msimamizi, angalia namba ya kikao chako kwa query session, kisha ukirudishe kwenye konsoli, mfano kama ni cha 1:

tscon 1 /dest:console

Picha inaganda baada ya kuingia, hasa ukiwa mbali

Nyumbani safi, nje ya nyumba ukurasa wa kuingia unatokea na kila kitu kinasimama. Unapita kwenye VPN, ile njia ya siri ndani ya intaneti? Basi shuku ukubwa wa pakiti kabla ya kitu kingine. VPN ya WireGuard kwa kawaida hutumia MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya 1420. Njiani kukiwa na sehemu isiyobeba ukubwa huo, pakiti ndogo zinapita (ndiyo maana umeunganika na nenosiri limekubaliwa), ila picha, ambayo ni pakiti zilizojaa, inapotea njiani bila taarifa. Pima ukiwa mbali, kwa kompyuta ya Linux:

ping -M do -s 1392 10.0.0.5

1392 pamoja na baiti 28 za vichwa ni 1420. Usipojibiwa, shusha namba hadi ujibiwe. Ukichoka kupima, andika MTU = 1280 kwenye faili ya WireGuard ya pande zote mbili, uendelee na maisha. Utapoteza kidogo sana.

Kuna mgando mwingine unaofanana na huu, wa RDP ya Windows kupita VPN. Unafanya kazi dakika kadhaa, picha inaganda, kisha inarudi yenyewe au inakatika. RDP ya kisasa hutumia TCP na UDP pamoja, na baadhi ya njia za VPN hazitendei UDP hiyo haki. Kwenye kompyuta unayoingilia nayo, si kwenye mashine pepe, izime:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows NT\Terminal Services\Client" /v fClientDisableUDP /t REG_DWORD /d 1

Na kama ukiwa nje hupati hata dalili ya seva, chungulia anwani ya nje ambayo ruta imepewa. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amekuweka nyuma ya anwani moja na wateja wengine, na kufungua poti kwenye ruta hakutasaidia kitu. Hapo njia ni Tailscale, VPN isiyohitaji ufungue poti, au WireGuard inayopitia seva ndogo ya kukodi yenye anwani yake.

Hata kama una anwani yako mwenyewe, usiifungue 3389 kwa dunia nzima. Pengo lililoitwa BlueKeep, CVE-2019-0708, liliruhusu mtu kuendesha amri kwenye Windows za zamani kupitia RDP bila hata nenosiri. Lilizibwa mwaka 2019, lakini poti hiyo haijaacha kuchunguzwa na roboti kutwa kucha. Fungua poti moja ya UDP ya WireGuard, mengine yapite humo.

Ni nzito

Neno "nzito" halitoshi. Jiulize: mausi ndiyo inachelewa, au kurasa zinachorwa polepole, au video ndiyo inarukaruka?

Hesabu moja inasaidia kuelewa. Skrini ya 1920 kwa 1080, kila nukta baiti 4, ni kama megabaiti 8.3 kwa picha moja. Ukitaka picha 30 kwa sekunde, hiyo ni takriban gigabiti 2 kila sekunde, mara mbili ya uwezo wa waya wa gigabiti 1. Kwa hiyo kila programu lazima ibane, na tofauti kati yao iko katika namna ya kubana. VNC hutuma vipande vya skrini vilivyobadilika, kama vipande vya picha. Kwa terminali na fomu za mipangilio inatosha, kwa video inakufa. RDP ya Windows inajua zaidi kinachochorwa na inabana vizuri, ndiyo maana kwenye intaneti ya kawaida bado inaonekana laini. Sunshine na Moonlight hugeuza skrini nzima kuwa video ya H.264, HEVC au AV1 kwa kutumia GPU. Ni laini ajabu, lakini bila GPU ndani ya mashine pepe kazi yote ya kubana inaiangukia prosesa, na utajuta.

Sasa pima. Fungua top ndani ya mashine huku ukisogeza dirisha huku na huku. Kama gnome-shell imepanda juu kabisa, tatizo haliko kwenye mtandao wala kwenye programu ya mbali. Mashine haina GPU, na prosesa inachora vivuli na mienendo yote ya madirisha kwa mkono. Hapo kubadilisha VNC kwa NoMachine ni kubadilisha kofia ukiwa na homa. Ipe mashine angalau viini viwili, tumia XFCE, na uzime vivuli:

xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s false

Kwenye Proxmox, kwa mashine ya Linux, angalia pia aina ya prosesa. Ile ya kvm64 huficha maelekezo ya kisasa ambayo uchoraji wa prosesa hunufaika nayo. Jaribu host.

Kama top imetulia, tazama mtandao. Seva ya nyumbani iliyounganishwa kwa WiFi ni chanzo cha mausi inayoruka ambacho hakuna programu itakayokitibu. Vuta waya. Laptopu inaweza kubaki na WiFi, seva isibaki.

Na kama yote hayo yako sawa na bado ni nzito, hapo ndipo unapobadilisha programu, ukijua unatafuta nini. Windows Pro kwa kazi za ofisi: RDP yake, usitafute kingine. Linux yenye XFCE au MATE: xrdp, au X2Go kama mtandao ni dhaifu, kwa kuwa inapita SSH na haihitaji poti nyingine. X2Go na GNOME mpya hazielewani, usilazimishe. Ukitaka kuona skrini ileile iliyopo badala ya kikao kipya, pamoja na sauti: NoMachine. Michezo, video au uhariri wa picha na GPU ipo: Sunshine. Kumsaidia ndugu asiyejua lolote kuhusu mitandao: RustDesk, ambayo seva yake ya kuunganisha unaweza kuiweka kwako mwenyewe. SPICE, njia nyingine ya kuonyesha konsoli, nilikuwa nikiipenda, na bado ni bora kuliko noVNC ukiwa nyumbani, ila Red Hat waliiondoa kwenye RHEL 9, kwa hiyo siitegemei kwa kitu kipya.

Mashine zikiwa nyingi na ungependa kuziingia zote kwa kivinjari, weka Apache Guacamole katikati. Inazungumza RDP, VNC na SSH upande wa mashine, na upande wako ni ukurasa wa wavuti tu. Kumbuka haifanyi RDP mbovu kuwa nzuri. Kila dalili iliyotajwa hapa itajitokeza humo vilevile, na ujumbe wa kosa utakuwa na maelezo machache zaidi.

Vidogo vinavyokera

Vishale viwili, kimoja kinamfuata mwenzake kwa mbali: mashine inadhani ina mausi ya kawaida inayopimwa kwa mwendo. Iongezee kifaa cha tablet cha USB. Proxmox huwa nacho tayari, ila ukikizima kupunguza mzigo, vishale vinaachana.

Hakuna sauti kwenye VNC: haijawahi kuwepo, VNC ya kawaida haibebi sauti. Kwenye xrdp sauti inahitaji moduli yake ya PipeWire au PulseAudio, haiji yenyewe.

Kunakili na kubandika kumekufa ghafla kwenye RDP ya Windows: fungua Task Manager ndani ya mashine, ua rdpclip.exe, kisha uiendeshe tena. Huna haja ya kuwasha upya. Kwenye SPICE, kunakili na ukubwa wa skrini vyote vinategemea spice-vdagent ndani ya mashine. Ikikosekana, dirisha litabaki dogo hata ulivute vipi.

Herufi zinakuja tofauti na ulizobonyeza, hasa alama: mpangilio wa kibodi wa laptopu na wa mashine haulingani. Ilinganishe hiyo miwili kwanza, na mpangilio wa kibodi kwenye Proxmox uuache wa kawaida, kwa sababu tafsiri ikifanyika mara mbili, @ itageuka kuwa kitu kingine na hutaweza hata kuandika nenosiri.

Nimerudi, madirisha yangu hayapo

Umejitoa kwenye xrdp ukiwa na kazi wazi, umerudi, unakuta eneo-kazi tupu. Kwa kawaida kazi haijapotea. xrdp hutambua kikao chako kwa jina pamoja na kina cha rangi. Ukiingia kwa laptopu yenye biti 32, kisha kwa simu iliyowekwa biti 16, umepata kikao cha pili, na kile cha kwanza kinaendelea kuishi pembeni kikila RAM. Weka kina kilekile kwenye vifaa vyote, uingie tena, utayakuta madirisha yako.

Kwenye Windows hali ni kinyume chake. Windows za kawaida, hata Pro, zinaruhusu mtu mmoja kwa wakati. Wa pili akiingia kwa jina lilelile, wa kwanza anatolewa bila kuulizwa. Akiingia kwa jina lingine, wa kwanza anaulizwa kama anakubali kutoka, na asipojibu anatolewa. Watu wawili nyumbani wakivutana hivyo kila siku, hakuna mpangilio wa RDP wa kuwapatanisha. Wape kila mmoja mashine yake, yenye anwani yake na leseni yake ya Windows, uziite majina wanayoyajua wenyewe.